Jumamosi Ukumbini, Jumapili Kanisani: Ugomvi wa Miaka 500 Kutoka Kilwa Hadi Masasi

Kuna jamaa mmoja pale Lindi mjini, jina lake tunaliweka kapuni, maana hii siyo habari ya kumchafua mtu. Kazi yake kinanda. Sasa nikisema kinanda usifikirie wale wanaobonyeza kitufe cha mdundo halafu wanakaa wanaangalia simu. Huyu mtu ukianza wimbo vibaya, hata kama umeanzia juu kwenye dari ambako hakuna binadamu atakufikia, anaidaka sauti yako, anakushusha taratibu bila waumini kushtuka, na mkifika kwenye kiitikio mko wote pamoja kama mlifanya mazoezi wiki nzima.

Sasa basi. Msimu wa korosho ukifika, hela inakuwepo, na hela ikiwepo harusi zinakuwepo. Jamaa akachukua kazi ya ukumbini, Jumamosi usiku. Akapiga kila kitu alichoombwa, kuanzia taarabu ya kumtoa bibi harusi mpaka singeli ya saa saba za usiku. Jumapili asubuhi yuko kanisani, macho mekundu, kinanda mbele yake, anapiga wimbo wa kuabudu na watu wanalia kweli kweli. Kumbe kuna mtu alikuwa na video ya usiku. Kufika jioni video imeshazunguka kwenye magrupu yote.

Jumatatu kikao. Hukumu: akae pembeni miezi mitatu, atafakari. Nafasi yake akapewa kijana mwingine, mpole, mwombaji, hana doa. Tatizo moja tu: kinanda bado kinamshinda. Jumapili ya kwanza kwaya ilianza wimbo kwenye sauti moja, kinanda kiko kwenye nyingine, wakakutana kwenye amina. Na hapo mji ukagawanyika. Kuna timu inasema, "Mungu anaangalia moyo, siyo vidole." Kuna timu inasema, "Mungu huyo huyo ndiye aliyempa vidole."

Nimesikia hoja za pande zote mbili mpaka nimechoka. Lakini kitu ambacho sijasikia mtu akisema ni kwamba huu ugomvi una zaidi ya miaka 500 kwenye pwani yetu hii hii. Na ukiufuata toka mwanzo, unakuta swali ambalo pande zote mbili zinalikwepa. Twende taratibu.

Kilwa, Julai 1505: wimbo mzuri, halafu nini?

Wengi tunajua Kilwa Kisiwani kwa magofu. Shule inakupeleka, unapiga picha Msikiti Mkuu, unapiga picha Gereza, unarudi Masoko kula pweza. Lakini ile sehemu ndiyo yenye moja ya habari za zamani kabisa za uimbaji wa Kikristo kwenye pwani hii kuandikwa na mtu aliyekuwa kwenye msafara wenyewe.

Tarehe 24 Julai 1505, Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuvamia mji wa Kilwa. Amiri Ibrahimu, aliyekuwa mtawala, akakimbia. Kuna maelezo ya safari hiyo ambayo kwa kawaida yanahusishwa na Mjerumani mmoja aliyekuwa kwenye meli zao, Hans Mayr. Anaeleza kwamba mji ulipokwisha kuchukuliwa, mapadri wa Kifransisko waliteremka nchi kavu na misalaba miwili, kwa maandamano, huku wakiimba Te Deum. Wakaenda hadi kwenye jumba la mtawala. Msalaba ukawekwa, mkubwa wa msafara akasali.

Na baada ya sala? Watu wakaanza kupora mji. Bidhaa, vyakula, kila kitu.

Rudia kusoma hapo. Te Deum siyo wimbo wa mchezo. Ni utenzi wa Kilatini wa shukrani, umeimbwa kanisani tangu karne za mwanzo. Wale mapadri walikuwa watu waliofundishwa kuimba, kuimba ndiyo ilikuwa ratiba yao ya mchana na usiku. Kwa hiyo kiufundi sina shaka kwamba siku ile Kilwa ilisikia kitu kizuri. Na wala sina sababu ya kusema walikuwa wanaigiza. Inawezekana kabisa padri mmoja pale machozi yalimtoka kwa kumshukuru Mungu kwamba amefika salama.

Lakini mwanamke wa Kilwa aliyejificha ndani, anayesikia wimbo unapita mlangoni halafu baada ya muda kidogo mlango unavunjwa, yeye aliuelewaje ule wimbo?

Hilo swali liweke mfukoni, tutarudi nalo. Wareno wenyewe walijenga ngome, wakakaa miaka michache tu, na kufikia 1512 walikuwa wameondoka Kilwa. Wimbo wao haukuacha mizizi yoyote pale.

Mwafrika aliyeogopa kuimba vizuri

Kuna kitu kinachekesha kuhusu Te Deum. Mapokeo ya zamani yanausimulia kwamba ulitungwa na watu wawili, Ambrosi na Augustino, usiku ule Augustino alipobatizwa mwaka 387. Wataalamu wa siku hizi hawakubali hiyo stori, lakini iliaminiwa kwa karne nyingi.

Huyo Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, kwenye nchi tunayoiita Algeria leo. Mwafrika wa kaskazini. Na ndiye mtu aliyelisema tatizo la jamaa yetu wa Lindi waziwazi kuliko yeyote niliyemsoma. Kwenye kitabu chake cha Maungamo anakiri kwamba nyimbo za kanisani zilimliza sana alipokuwa anaingia kwenye imani. Lakini baadaye akaanza kujishtukia: kuna siku anaguswa na sauti kuliko maneno yanayoimbwa. Siku hizo anaona ametenda dhambi, na anatamani bora asingemsikia mwimbaji kabisa. Halafu anageuka tena, anasema muziki una faida, unawainua wale wanyonge wa moyo. Anabaki katikati, anayumba.

Angalia alichofanya, lakini. Hakumlaumu mwimbaji. Alijilaumu mwenyewe, msikilizaji. Sisi siku hizi tumegeuza. Tukisisimka na kinanda tukagundua tulisisimka na kinanda tu, tunamwita mpiga kinanda kwenye kikao.

Na wala si jambo la Wakristo peke yao. Pwani hii ni ya Waislamu kwa karne nyingi, na kila mtoto aliyekaa chuoni Kilwa au Lindi analijua neno ria: kufanya ibada ili watu wakuone. Msomaji mwenye sauti nzuri ya Qur'an anaonywa na ria, mwimba kasida anaonywa na ria. Na bado usomaji una kanuni zake, una walimu wake, na anayesoma hovyo anasahihishwa. Yaani wazee wetu waliona mambo mawili yanaenda pamoja: jifunze vizuri, halafu chunga nia yako. Hakuna aliyesema kusoma vibaya ni dalili ya nia njema.

Njia ya Lindi–Masasi, 1876

Ukipanda basi Lindi asubuhi kwenda Masasi, unapita Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao, Ndanda, halafu yale majabali ya Masasi yanaanza kujitokeza. Saa chache tu. Mwishoni mwa 1876 kuna watu walikwenda huko huko kwa miguu, na safari yao ndiyo mwanzo wa kweli wa uimbaji wa kanisa upande huu wa kusini.

Walikuwa wanaume na wanawake waliokombolewa utumwani, wakiwa wameishi Unguja chini ya Misheni ya Vyuo Vikuu, ile ya Waanglikana iliyofahamika kwa herufi UMCA. Aliyewaongoza ni Askofu Edward Steere, mtu wa lugha, aliyekusanya hadithi za Kiswahili na kutafsiri na kuchapa maandiko, sala na nyimbo kwa Kiswahili. Wakashuka Lindi, wakaingia bara. Wengi wao asili yao ilikuwa upande wa Ziwa Nyasa na nchi za Wayao, na wazo lilikuwa kurudi nyumbani. Walipofika Masasi wakaona ardhi nzuri na maji, wakasema hapa hapa panatosha. Wakajenga.

Fikiria kidogo. Karne hiyo hiyo Kilwa Kivinje ilikuwa moja ya bandari kubwa kabisa za biashara ya watumwa Afrika Mashariki. Watu walikokotwa toka Nyasa kuja pwani kwenye njia za kusini hizi hizi. Sasa hawa wanarudi kwa mwelekeo wa kinyume, kwa hiari yao, na miongoni mwa walichobeba ni nyimbo kwa Kiswahili. Hawakuwa na ogani. Walikuwa na koo na kumbukumbu.

Na mambo hayakuwa mteremko. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, na baadhi ya watu wa kituo wakachukuliwa mateka. Kuna waliokuwa wameshakombolewa mara moja maishani mwao wakajikuta mikononi mwa watu wengine tena. Kituo kikavunjika, wengine wakahamia Newala, baadaye Masasi ikajengwa upya.

Na ni katika kizazi hiki alitokea Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasoma, akatumwa Chitangali huku kusini, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri na UMCA. Misheni hiyo ilikuwa ya ibada nzito, yenye ubani na misa ya kuimbwa, kwa hiyo padri kuimba ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Ukiweka Kilwa 1505 na Masasi 1876 pembeni kwa pembeni, ufundi mkubwa zaidi ulikuwa Kilwa. Lakini Masasi waimbaji walipomaliza kuimba walichukua majembe wakalima, na watu wengine waliokuwa wanakimbia wakapata pa kukimbilia.

Ngoma ikabaki nje ya mlango

Mwaka 1905 kusini yote ikawaka. Maji Maji ilianzia Nandete, kwenye vilima vya Matumbi, wilaya ya Kilwa. Wabenediktini, Wakatoliki wa Kijerumani, walikuwa na vituo Lukuledi na Nyangao. Vyote vikachomwa. Askofu wao Cassian Spiss aliuawa Agosti 1905 pamoja na wenzake wanne akiwa safarini kutoka pwani ya Kilwa kwenda bara. Kwa wapiganaji, misheni na serikali ya Wajerumani vilikuwa kitu kimoja, na ukikumbuka kodi na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, huwezi kushangaa sana. Mwaka uliofuata, 1906, Wabenediktini wakaanzisha Ndanda, ambayo mpaka leo ipo, na abasia yake na hospitali yake.

Kabla kidogo ya hapo, Novemba 1903, Papa Pius wa Kumi alikuwa ametoa waraka mkali kuhusu muziki wa kanisa. Soma masharti yake na akili ya leo: piano marufuku kanisani. Ngoma marufuku, matoazi marufuku. Wanawake hawakuruhusiwa kuwa sehemu ya kwaya. Na waimbaji wawe watu wanaojulikana kwa uchaji na mwenendo mwema.

Umeona hapo? Kile kinanda ambacho leo kikao kinaona ni chombo kitakatifu kisichoguswa na mikono ya ukumbini, ndugu yake mkubwa aliwahi kupigwa marufuku kwa sababu kilionekana ni chombo cha ukumbini. Na wale akina mama wa sauti ya kwanza, ambao bila wao hakuna kwaya Lindi wala Kilwa Masoko, kwa sheria ile wasingekuwepo. Lile sharti la uchaji lilikuja kwenye karatasi moja na hayo mengine.

Ngoma ndiyo iliumia zaidi. Kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua, ngoma ilikuwa ndani ya jando na unyago, ndani ya mazishi, ndani ya mavuno. Ukimwambia mtu aache ngoma mlangoni, unamwambia aache nusu ya alichojifunza maishani. Kisha ikaja Beni, ile ngoma ya mtindo wa bendi za kijeshi, watu na sare zao na vyeo vyao vya kujipa, Marini kwa Arinoti wakishindana. Baada ya Vita ya Kwanza ilisambaa sana huku kusini, na wamisionari wengi waliichukia. Kijana aliyekuwa fundi wa kupiga alitakiwa achague.

Hapo ndipo alipotokea Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 mpaka 1944. Badala ya kupiga marufuku jando moja kwa moja, alisema livalishwe Ukristo: vijana waende, wafundishwe, lakini chini ya sala na msalaba. Kuna waliompinga kwamba analainisha imani, na kuna waliompinga kwamba anaichakachua mila. Lakini alikuwa ameona kitu: huwezi kumtaka mtu aje na moyo wote huku umemzuia kuja na mwili wake.

Shida ya "wokovú"

Tuingie kwenye ufundi kidogo, maana hapa ndipo watu wa timu ya moyo huwa wanateleza.

Nyimbo nyingi tulizorithi zina tuni za Kiingereza na Kijerumani. Lugha hizo zina maneno mengi ya silabi moja, kwa hiyo mstari unamalizika kwa pigo zito: neno moja, pigo moja, kwisha. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema ba-RI-ki, wo-KO-vu, u-PE-ndo. Ukilipeleka neno kwenye ile tuni bila ufundi, mkazo unaangukia mwisho, unapata "wokoVU" na "upeNDO". Tumezoea mpaka hatusikii, lakini mtoto anayesikia mara ya kwanza anauliza, "Bibi, hao wanaimba nini?" Kwenye Kiyao na Kimakonde ni zaidi, maana huko sauti kupanda na kushuka ni sehemu ya neno lenyewe.

Kwa hiyo ufundi siyo mapambo. Kuna watu walitumia maisha yao kuhakikisha mwimbaji anamaanisha anachoimba kwa sababu anakielewa anachoimba. Padri Stephen Mbunga, Mtanzania, ni mmoja wao. Mwaka 1963 alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akipitia nyaraka za mapapa kuona mlango uko wapi. Ndiye pia aliyetunga Misa Baba Yetu. Kongo, mwaka 1958, tayari kulikuwa na Missa Luba, misa iliyoimbwa na vijana wa Kamina kwa mahadhi na ngoma za kwao. Na tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati ya liturujia iliyosema wazi kwamba muziki wa watu wa nchi za misheni upewe heshima yake na nafasi katika ibada.

Miaka 60 tu kutoka "ngoma marufuku" mpaka "ngoma karibu". Mungu hakubadilika katika hiyo miaka 60. Vikao ndivyo vilivyobadilika.

Askofu wa Masasi na tarumbeta

Sasa nikupe ile ninayoipenda kuliko zote. Wengi hawaiunganishi na kusini kabisa.

Johannesburg, miaka ya mwanzo ya 1950. Kuna kijana mtukutu kwenye shule ya misheni ya Mtakatifu Petro. Kila siku ana kesi. Padri mmoja Mwingereza akamwita, na badala ya kumchapa akamuuliza: unataka nini hasa maishani? Kijana alikuwa ametoka kuona sinema kuhusu mpiga tarumbeta. Akajibu kwamba akipata tarumbeta hatasumbua mtu tena. Padri akamtafutia tarumbeta. Akamtafutia na mwalimu. Wenzake nao wakataka, ikazaliwa bendi nzima. Padri alipokuja kuondolewa Afrika Kusini kwa sababu ya kupinga ubaguzi wa rangi, alipitia Marekani, akaonana na Louis Armstrong, na mwaka 1956 Armstrong akawatumia wale vijana tarumbeta.

Kijana yule ni Hugh Masekela. Mwaka 1968 wimbo wake Grazing in the Grass ulishika namba moja Marekani.

Padri yule ni Trevor Huddleston. Na kuanzia 1960 mpaka 1968 alikuwa Askofu wa Masasi. Masasi hii hii, unayopanda basi Lindi kuifikia.

Kilichonigusa ni mpangilio wa mambo. Huddleston hakumwambia Masekela, "Kwanza uwe mtakatifu, halafu nitakupa chombo." Chombo kilitangulia. Na alimpa mwalimu pia, yaani alimpa ufundi, hakumpa tu baraka. Masekela hakuja kuwa mpiga tarumbeta wa kanisani. Alipiga jazi, kwenye kumbi, usiku, na maisha yake yalikuwa na mikosi mingi ambayo yeye mwenyewe aliisimulia. Lakini tarumbeta ile iliwasemea watu ambao hawakuwa na sauti, na hakuacha kumtaja padri aliyempa.

Najiuliza tu: yule padri angekaa kwenye kikao chetu cha Jumatatu, angesema nini?

Turudi Lindi

Sitaki uondoke ukidhani niko timu ya kipaji moja kwa moja. Hapana. Tunawajua wapiga vyombo wanaohama makanisa kama wachezaji mpira, aliyepandisha posho ndiye mwenye upako. Tunawajua wanaoongoza kuabudu huku macho yako kwenye kamera. Tunajua na mabinti walioumizwa na waimbaji wa jukwaani kisha wakaambiwa wanyamaze kwa sababu "ana huduma kubwa". Huko ndiko kipaji kinapogeuka kuwa kinga, na mtu wa namna hiyo kumtoa kwenye kinanda ni kidogo sana.

Lakini jamaa yetu kosa lake lilikuwa nini? Alipiga kwenye harusi. Akalipwa. Kanisani hajawahi kulipwa hata nauli, na ile ada ya shule ya mwanawe haipokelewi kwa amina. Kwenye harusi ile ile wazee wawili wa kikao walikuwepo, na mmoja alitunza. Wapo kwenye video, ukiangalia vizuri. Na mhasibu anayekopesha kwa riba mtaani hajawahi kuambiwa akae pembeni miezi mitatu na daftari lake.

Tunamtaka mpiga kinanda awe msafi kwa niaba yetu sote kwa sababu yeye ndiye anayeonekana. Na kwa sababu ndiye anayetufanya tujisikie, tunataka kuamini kwamba kile tulichojisikia kilikuwa cha kweli. Ikiwa yeye ni mchafu, basi machozi yetu ya Jumapili yalikuwa nini? Hilo ndilo linalotutisha. Augustino alilijua.

Kwa hiyo toa lile swali mfukoni. Mwanamke wa Kilwa hakuweza kupima moyo wa wale mapadri, na sisi hatuwezi kupima moyo wa mtu kwenye kinanda. Alichoweza kuona ni kilichofuata baada ya wimbo. Na kipimo hicho kikishikwa kinapima kila mtu: mpiga kinanda, kwaya, na kikao pia. Baada ya wimbo wa Kilwa 1505 watu walipoteza mali zao. Baada ya wimbo wa Masasi 1876 watu walipata kijiji.

Baada ya wimbo wetu wa Lindi? Kijana mpole aliyepewa kinanda anazidi kuaibika kila Jumapili na hakuna aliyemtafutia mwalimu. Mwalimu wa kumfundisha yupo, tena kanisani mle mle, benchi la nyuma. Maana jamaa anakuja kila wiki, ametumikia miezi miwili sasa, anakaa kimya, na ukimwangalia vidole vyake wakati wa kuabudu vinatembea juu ya goti.

Juzi nimesikia kwamba yule kijana alimfuata nyumbani Alhamisi jioni, bila kukiambia kikao, na kinanda kidogo cha kuazima. Walikaa mpaka saa nne usiku. Jumapili iliyofuata kwaya na kinanda walianza pamoja na kumaliza pamoja. Watu wakasema kijana ameombewa.

Wewe uko timu gani? Dondosha maoni yako hapo chini, ila majina ya watu na makanisa yaweke kapuni.